Dawa gani ya kutia kwenye mashine ya altrasoniki ya kuosha spea?

Swali: Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Nimenunua mashine ya altrasoniki ya kuosha spea, ya lita 6, ina hita na saa ya kupima muda. Ilikuja mikono mitupu, bila dawa. Nilianza na sabuni ya maji ya kupima; povu likajaa na gundi ya petroli, ule utando unaonata unaoachwa na petroli iliyokaa, ikabaki palepale. Rafiki akanishauri nitie kostiki soda, kabureta mbili za wateja zikatoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Sasa mwingine ananiambia niweke petroli tu, eti ndiyo inayoyeyusha gundi. Nitumie nini hasa, na maji hayo nayamwaga baada ya siku ngapi?

Jibu: Fundi, nianze na petroli, kwa sababu kabureta nyeusi zinaweza kusubiri lakini moto hausubiri.

Usitie petroli kwenye hilo tanki. Wala thina, wala spiriti, wala mafuta ya taa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Kisumu saa saba mchana. Mafuta ya taa hufikia hali hiyo kwenye joto la karibu nyuzi 40, na hita ya mashine kama yako kwa kawaida huwekwa 50 au 60. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unamwagika ukingoni mwa tanki na kushuka chini, na huko chini ndiko kuliko na feni, swichi na bodi ya umeme. Mitetemo nayo inarusha matone madogo hewani. Hapo inangojewa cheche moja tu.

Tena petroli haifanyi kazi vizuri mle ndani. Ni kimiminika chepesi kugeuka mvuke, na mvuke huo unaingia kwenye vipovu ambavyo ndivyo vinavyotakiwa kusugua, vinapasuka kilegevu. Wapo watakaokuambia utie petroli kwenye glasi, na glasi uiweke ndani ya maji ya tanki. Maabara hufanya hivyo kwa kiasi kidogo sana, chini ya kifaa cha kufyonza mvuke, na aliyesimama hapo amefunzwa. Gereji ya mabati ambayo jirani yake anachomelea milango si mahali pake. Ukitaka kulainisha gundi kwanza kwa petroli au kwa dawa ya kopo ya kabureta, toka nje, tumia brashi, ngoja spea ikauke kabisa, kisha ndiyo iingie kwenye maji.

Maana ni maji ndiyo yanayofanya kazi. Chini ya tanki kumegandishwa vitetemeshi ambavyo, kwenye mashine nyingi za mezani, hutikisa maji mara 40,000 kwa sekunde. Kila mtikisiko unazalisha vipovu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo vinapasuka papo hapo na kupiga uso wa spea kwa nguvu. Kipovu kinaingia kwenye tundu la jeti ambalo hata waya wa brashi hauingii. Lakini kipovu kinabandua tu. Hakiyeyushi gundi, wala hakizuii mafuta yaliyobanduka yasirudi kujipaka kwenye spea. Hiyo ni kazi ya dawa. Maji matupu hayaloweshi mafuta vizuri, yanajikusanya matone. Dawa inayalegeza ili yapenye, inashika mafuta na kuyaweka yakielea, na ile iliyotengenezwa vizuri ina pia kitu cha kuilinda metali wakati hayo yote yanaendelea.

Hapo kwenye kulinda metali ndipo kostiki soda ilipokuangusha. Soda na alumini hazikai pamoja. Ungechungulia ndani ya tanki ungeona vipovu vikitoka kwenye kabureta hata mashine ikiwa imezimwa. Hiyo ni haidrojeni: soda inakula alumini na kutoa gesi, nayo gesi hiyo inawaka. Kabureta si alumini tupu, imechanganywa na silikoni, shaba na vinginevyo. Soda inapoyeyusha alumini, hivyo vingine haviyeyuki nayo, vinabaki juu kama unga mweusi. Ndio weusi uliouona. Zinki nayo huliwa vilevile, na kuna kabureta za pikipiki zilizomiminwa kwa zinki. Ukitaka kujua uliyo nayo ni ipi, ishike mkononi: zinki ni nzito zaidi ya mara mbili ya alumini kwa ukubwa uleule, na mkono wa fundi unajua mara moja.

Je, hizo mbili zimekufa? Si lazima. Futa weusi kwa brashi ya nailoni na maji ya sabuni, suuza, kausha, halafu angalia mahali panapotakiwa kuwa sawasawa: uso wa gasketi, kiti cha sindano ya floti, na njia anamoteleza pistoni ya kabureta. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye vishimo, kabureta hiyo itavuja au itashika hewa, na ni heri uongee na mwenye pikipiki sasa kuliko arudi na hasira. Ikiwa laini, ifunge, iunganishe na petroli, iache nje kwenye trei kwa saa moja uone kama inatoa machozi. Jeti za brasi huenda zimepona, kwa sababu soda haina haraka na brasi.

Kwa hiyo unapochagua dawa, swali la kwanza lisiwe uchafu ni gani. Uliza kwanza spea ni ya metali gani, kisha uje kwenye uchafu. Wauzaji wengi wanakwenda kinyume, kwa vile uchafu ndio mteja anaoutaja. Utamwambia “nina grisi”, naye atakupa dawa ya grisi iliyotengenezwa kwa bloku za chuma.

Dawa hizi hutofautiana kwa ukali unaopimwa kwa pH. Saba ni katikati, chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni alkali. Kwa kabureta zako, na kitu chochote cha alumini au zinki, tafuta dawa ya maji yenye alkali ya wastani, pH ya 8 hadi 10 ikishazimuliwa, na iandikwe wazi kwamba ni salama kwa alumini. Maandishi hayo yana uzito, kwa sababu pH peke yake haitoshi. Dawa mbili zenye pH 10 zinaweza kuwa tofauti kabisa, moja ina silikati au kinga nyingine ya alumini, nyingine haina. Dawa kali, zenye pH 12 au 13, ni za chuma na feleji: gia, minyororo, silinda za chuma cha kumimina. Hizo zinamaliza grisi iliyoungua haraka sana, na zinaweza kumaliza kabureta kwa kasi hiyohiyo. Ukizinunua, ziwe na jerikeni lake, mbali na lile la kabureta.

Dawa ya kuoshea vifaa vya hospitali, ambayo huuzwa madukani pamoja na vifaa vya meno, iache. Imetengenezwa kwa ajili ya damu na ute, ina vimeng’enya, na gundi ya petroli haiijui.

Utaipata wapi ya kwako? Kwa wauzaji wa kemikali za viwandani na wa vifaa vya gereji, iwe hapo Kisumu, huku kwetu Nakuru au kwa kuagiza Nairobi. Usinunue kwa rangi ya maji wala kwa picha ya injini kwenye kibandiko. Mwombe muuzaji karatasi ya usalama ya kemikali hiyo, ile yenye sehemu 16. Fungua sehemu ya 9: hapo ndipo huandikwa pH na joto la kushika moto. Ikiwa inaonyesha joto la kushika moto la chini, hiyo ni thina iliyobadilishwa jina, irudishe. Sehemu ya 3 inataja kilichomo. Ukiona haidroksidi ya sodiamu au ya potasiamu imetajwa mwanzoni kabisa, umekutana tena na kostiki yenyewe au ndugu yake. Muuzaji akikosa karatasi hiyo, mimi huondoka.

Hata ukiwa nayo, jaribu. Mimina kikombe cha dawa iliyozimuliwa, ipashe moto kama itakavyokuwa kazini, tumbukiza kipande cha foili ya jikoni na bakuli la floti lililokwisha kutupwa, uache nusu saa bila mashine yoyote. Foili ikianza kutoa vipovu au kufifia, hiyo dawa si ya kabureta, hata kibandiko kiseme nini. Karatasi za kupima pH nazo ni rahisi kupata. Hapo Kisumu waulize wanaouza vifaa vya mabwawa ya samaki.

Sasa ile sabuni ya kupima. Watu wengi wanaona sabuni ni kitu kipole, haiwezi kudhuru. Lakini jua inavyotengenezwa: ni ungarol (kiini cha sabuni) na maji, kisha chumvi inatiwa ili iwe nzito, mnunuzi aone anapata kitu. Chumvi hiyo ni kloridi, na kloridi yenye joto ni adui wa stenilesi, ile metali ya tanki lako. Haiparuzi tanki lote. Inatafuta pahali padogo, hasa pale penye mkwaruzo au kwenye kiungo, na kuchimba tundu jembamba kama la sindano. Hutaona kitu mpaka siku maji yatakapodondokea kwenye vitetemeshi, na hapo mashine imekwisha. Kwa sababu hiyohiyo usitie Jik, wala chumvi, wala ile asidi ya kusafishia choo, ambayo ni haidrokloriki. Jik na asidi zikikutana hutoa gesi ya klorini, na hiyo ni habari ya mapafu, si ya tanki tena. Halafu kuna povu. Blanketi la povu halisafishi chochote, linaficha spea tu usione kinachoendelea. Dawa za mashine hizi hutengenezwa zisitoe povu jingi. Ukikwama kabisa siku moja, tone chache za sabuni ya vyombo kwenye maji ya tanki zitatoa vumbi na mafuta mepesi, lakini usiifanye desturi.

Najua utauliza habari ya magadi, maana kila jikoni ipo na bei yake ni ya maharagwe. Magadi ni kabonati na baikabonati ya sodiamu, ni alkali ya kiasi, na hutoa mafuta kwenye chuma vizuri tu. Shida ni mbili: magadi ya mawe huja na chumvi yake kutoka ziwani, na haina kinga ya alumini, kwa hiyo kabureta itafifia na kupata madoa. Kwa minyororo na boliti iloweke kwenye beseni la plastiki kando. Kwenye tanki, hapana.

Siki na asidi ya sitriki zina kazi yake, nayo ni kutu na ukoko mweupe wa maji. Boliti za chuma zenye kutu zitatoka safi kwenye maji yenye sitriki ya asilimia chache, ila tia maji hayo kwenye mtungi wa glasi au wa plastiki, na mtungi ndio uweke ndani ya maji ya tanki. Mitetemo inapita kwenye glasi, plastiki laini inaimeza kiasi. Zinki usiipeleke huko hata kidogo; asidi inaila haraka. Ule unga mweupe unaoukuta kwenye bakuli la floti la pikipiki iliyolala na maji kwenye petroli ni metali yenyewe iliyokwisha kuoza. Dawa inautoa, lakini haiwezi kurudisha kilichoondoka.

Brasi nayo ina jambo lake. Dawa nyingi zinazouzwa kwa kung’arisha brasi zina amonia, na jeti inatoka inametameta kama mpya. Dakika chache ni sawa. Kuilaza humo kutwa nzima ni kuitafutia nyufa, kwa vile amonia hushambulia metali yenye shaba.

Kuhusu kuzimua, fuata kibandiko; mara nyingi ni kati ya asilimia 2 na 10. Tanki lako la lita 6 usilijaze pomoni, spea zikiingia maji yatapanda. Chukua lita 5 za maji. Kwa asilimia 5 hiyo ni mililita 250 za dawa, chupa ndogo ya soda ikikosa kidogo. Anza na kiwango cha chini kabisa cha kibandiko. Kuizidisha hakukupi usafi zaidi, kunakupa maji mazito yanayomeza mitetemo na utando usiotoka kwenye suuzo.

Weka joto nyuzi 50 hadi 60. Ukipanda karibu na kuchemka, vipovu vinajaa mvuke na nguvu inashuka, ni shida ileile ya petroli. Maji mapya yana hewa ndani yake, nayo hunyonya mitetemo, kwa hiyo washa mashine ikiwa na maji na dawa, bila spea, dakika 5 hadi 10 kabla ya spea ya kwanza. Ukisikia mlio umebadilika, umekuwa mkavu na wa kukwaruza, yametulia. Wengi huruka hatua hii kisha wanailaumu dawa.

Fungua kabureta yote. Oringi, diaframu, floti ya plastiki na sindano yenye ncha ya mpira ziwekwe pembeni. Zilizobaki zitundike au zitie kwenye kikapu, zisiguse sakafu ya tanki. Spea ikilala chini inakwaruza stenilesi na kukaba vitetemeshi. Dakika 5, itoe uitazame, geuza, 5 nyingine. Alumini ikikaa muda mrefu mno mitetemo yenyewe huanza kuichokoa uso, dawa iwe nzuri namna gani. Na usiingize vidole mashine ikifanya kazi.

Ukiwa na shaka kama tatizo ni dawa au mashine, tundika ukanda wa foili katikati ya maji kwa dakika moja, na dawa iwe ya wastani. Ukitoka na vitundu na vikunyanzi vilivyosambaa, mashine ni nzima, shida yako ni dawa. Ukitoka ulivyoingia, usihangaike kununua dawa nyingine.

Suuza mara moja, dawa isikaukie kwenye spea. Mimi huku Nakuru maji ya visima yana madini mengi, yanaacha madoa meupe kwenye njia za kabureta. Nyie mna mvua. Kinga maji ya mabati, yachuje kwa kitambaa, yatumie kwa suuzo la mwisho. Yakikosekana, nunua maji ya betri, lakini soma chupa: maji safi na asidi ya betri vyote huitwa maji ya betri dukani, na si kitu kimoja. Kisha pulizia hewa ya kompresa kwenye kila tundu. Spea za chuma zipake oili nyepesi papo hapo, kutu ya juujuu huanza ndani ya dakika.

Maji hayahesabiwi kwa siku. Kabureta moja ya pikipiki iliyozama matopeni inaweza kuyamaliza asubuhi moja, na jeti kumi za kawaida zisiyaguse. Yabadilishe kazi iliyokuwa ya dakika 10 ikianza kutaka 20, au spea zikitoka na utando wa mafuta hata baada ya suuzo. Ili yadumu, kila jioni zima, acha yatulie, asubuhi ondoa mafuta yanayoelea kwa karatasi nyonyaji kabla hujawasha. Ukiwasha kwanza umeyachanganya tena. Funika tanki. Mchanga uliokaa chini utoe, unasaga sakafu. Na usiwashe tanki likiwa na maji chini ya alama, hita na vitetemeshi huungua.

Yakishachoka usiyamwage mtaroni. Mitaro ya Kisumu inaishia Kisat na mito mingine midogo, na mito hiyo inaishia ziwani. Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza kumwaga majitaka ya aina hiyo bila kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Hata kibandiko kikisema dawa inaoza yenyewe, mafuta na metali ulizotoa kwenye spea haziozi. Ondoa mafuta yaliyoelea uyatie kwenye pipa la oili chafu. Maji yaliyobaki yaache kwenye beseni pana lililoezekwa lisinyeshewe, yapungue kwa joto, kisha tope lake mpe mchukuzi wa taka za oili mwenye leseni. Jerikeni unalokusanyia liandike kwa rangi kubwa, kwa sababu maji hayo yanafanana sana na sabuni, na vijana wa kuosha pikipiki hawaulizi.